Mganga Haambiwi

Wiki iliyopita niliunguza wali. Nilikuwa jikoni, hapahapa Masuguru, Korogwe, na barazani mwanangu na wenzake wawili walikuwa wamekaa mkekani na mchezo wao walioutoa kwenye simu. Karatasi zake walizichapisha kwenye duka moja la stendi, na dadu zenye pembe nyingi waliagiza Dar. Ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anajifanya askari, mwanangu anajifanya mchawi, na wa tatu hana mtu wake. Yeye ndiye anayeisimulia safari na kurusha dadu kuamua nani kapona na nani kaumia. Wali ukiwa unakaukia maji, nikawasikia wanabishana. Mchawi akitupa uchawi wake ukagoma, je, mwenyewe anajua? Mwanangu alisema lazima ajue, uchawi umetoka mwilini mwake, atakosaje kujua. Msimulizi akasema hajui ng'o, anajua ametupa, basi. Walipandisha sauti mpaka wakaniita niwaamulie.

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Harufu ya ukoko ukiungua ndiyo iliyonizindua, nikawaambia wakabishanie nje, na kwa sauti niliyoitoa waliondoka bila kuvaa viatu. Hawakuelewa wamekosa nini, na kwa kweli hawakuwa wamekosa. Ningewaambia nini? Kwamba ubishi huo niliubisha mimi kabla wao hawajazaliwa, mbele ya ungo wa bibi yangu huko Handeni, na nilikuwa upande wa mwanangu, tena kwa uhakika kumshinda yeye.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na mlio wake ndio uliotuamsha asubuhi mimi na mdogo wangu Rama. Alipoanza kuumwa hakumwambia mtu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama alikuwa na ufundi ambao waliosema hivyo hawakuufikiria. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyoyapunguza magauni yake, akiyabana mbavuni na kiunoni, kwa hiyo kila siku tulimwona amevaa nguo iliyomkaa sawasawa. Sisi watoto hatukuona lolote. Baba naye hakuona. Wiki nzima alikuwa Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge ambako babu yake alikuja kukata mkonge akitokea bara na hakurudi tena. Ilibidi mama aanguke jikoni ndipo jirani aliyemwinua akapiga kelele kwamba huyu mtu hana uzito.

Akapelekwa hospitali, na sisi tukapelekwa Handeni kwa Bibi, mama yake mama. Nguo zetu alizifunga mwenyewe kabla ya kuondoka. Alisema anakwenda kupimwa, na kwamba mahindi ya Bibi yakikauka atakuwa amerudi. Nilimwamini kama nilivyomwamini siku zote, kwa sababu mama yangu hakuwa mtu wa kuahidi ahadi hewa. Gauni la Idi akisema litakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa unalivaa.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu Handeni, na wenyeji wanisamehe, maana nusu yangu ni ya huko. Kwa sisi watoto wa Korogwe, Handeni lilikuwa jina la kutishia watu. Ukiiba maembe unaambiwa mwenye mti atakwenda Handeni, na maana yake kila mtoto anaijua: kule ndiko kwa waganga. Mimi basi nilishuka kwenye gari nikiwaangalia watu usoni, nikitegemea kuona hirizi na ngozi za chui. Nikakuta wanawake wanaswaga punda wenye madumu ya maji kutoka lamboni, wanaume wanapalilia, mbuzi wamelala kivulini, na vumbi. Bibi mwenyewe alikuwa anameza vidonge vya presha. Mtoto mwenye akili angesema kumbe ni maneno ya watu tu. Mimi nilisema uchawi wa hapa umefichwa vizuri.

Kwa Bibi tulimkuta Mhina. Mhina ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama, na amenizidi miaka michache. Alikuwa anasoma shule ya bweni huko milimani na alikuwa amekuja likizo. Kwa desturi yetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Anakuita mchumba hata kama una kamasi, anakula nyama yako ukigeuka, anakudanganya kwamba umeitwa na mtu, nawe unakwenda na kurudi huku watu wanacheka. Na huruhusiwi kukasirika. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe ya utani: mtani hanuniwi, mtani hachukiwi. Anayemchukia mtani wake anaonekana ana kasoro, kama mtu asiyeweza kumeza.

Ni Mhina aliyekuwa na mchezo. Aliufundishwa huko bwenini na mwalimu kijana wa kujitolea, na kwa kuwa vitabu vyake na zile dadu zake maalumu vilibaki shule, alitumia dadu moja ya ludo na kichwa chake. Alikaa upande mmoja wa mkeka, akasimamisha ungo wa Bibi mbele yake ili tusione dadu inapoangukia, na akaanza kutusimulia. Tulikuwa wasafiri tunaovuka nyika kwenda kuutafuta mji uliopotea. Rama alikuwa askari mwenye mkuki. Mimi nilichagua kuwa mganga, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuzindika, yaani kumwekea mtu kinga ili mishale na mashetani visimguse. Bibi alipouona ule ungo umesimama alisimama naye. Handeni hii, alisema, watoto wanasimamisha ungo mchana kweupe na kutaja mashetani, wapita njia watasemaje? Lakini hakuuchukua. Alihamishia mkeka uani, nyuma ya banda la kuku, ili tusionekane.

Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo tena. Mhina alikuwa na sauti ya kusimulia. Akisema mnasikia nyayo nyuma yenu, Rama anageuka kweli. Kuku wakipekua majani nyuma ya banda walikuwa jeshi. Harufu ya kinyesi chao na ya mahindi mabichi yanayochomwa ndiyo harufu ya mji ule uliopotea, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu hizo mbili pamoja ninapunguza mwendo.

Ugomvi ulianzia kwenye zindiko. Nilimzindika Rama kabla ya vita fulani, Mhina akatikisa dadu nyuma ya ungo, akaitazama, akasema endelea. Tukaendelea, Rama akiwa kifua mbele, na mshale wa kwanza ukampata begani. Nilipiga kelele kwamba amezindikwa. Mhina akasema zindiko lilikuwa limegoma tangu mwanzo. Kwa nini basi hakusema? Akasema hiyo ndiyo sheria: mganga haambiwi. Nikamwambia hiyo ni sheria ya kijinga, mganga haambiwi kwa sababu hana haja ya kuambiwa, anahisi.

"Ukirusha jiwe porini," alisema Mhina, "unahisi limetoka mkononi. Limempata nani huhisi."

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Sikulikubali. Mimi niliona kwamba wale waganga wa kwenye kitabu cha mwalimu wake walikuwa waganga wa mbali, hawakuwa wa Handeni. Hapa tulikuwa tumekalia udongo wenyewe. Nikaanza kujifunza kuhisi. Kabla ya kuzindika nilifumba macho na kusugua viganja, nikisubiri, na baada ya siku kadhaa kweli nikaanza kuona tofauti: mara nyingine viganja vilibaki baridi, na mara nyingine joto lilipanda mpaka kwenye viwiko na masikio yakavuma. Yalipovuma, Rama hakuguswa. Dalili hiyo ilipokosea nilijiambia sikusikiliza vizuri. Kila mtu mwenye imani anaijua hesabu hiyo.

Basi nikataka kumwingiza mama. Nilimwomba Mhina awe mmoja wa wasafiri, nimzindike. Mhina alikataa, na alikataa vibaya, bila mzaha wowote, jambo ambalo si la mtani. Alisema mgonjwa wa kweli haingii mchezoni. Niliomba kesho yake na kesho kutwa, akazidi kukataa. Siku moja aliinuka akauchukua ungo akaurudisha jikoni, na mchezo ukaishia hapo. Mimi nikaona ananionea wivu kwa nguvu zangu.

Kisha mjomba akaja na pikipiki. Ilikuwa asubuhi, tunakula makande ya jana. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa ameshatupita. Aliingia ndani na Bibi wakazungumza Kizigua, na sisi Kizigua chetu kilikuwa cha kuombea maji tu. Wakamwita Mhina. Alikaa humo ndani kwa muda, na alipotoka alipita pembeni yetu akaenda kunawa uso, ingawa alikuwa ameshanawa. Bibi akatoka amejifunga kanga mbili na mkoba kwapani. Rama akamuuliza anakwenda wapi.

"Kuna msiba Mazinde," alisema Bibi. "Ni wa mtu mmoja hivi, hamumjui."

Hamumjui. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wengine, na bado neno hilo sijalipatia mahali pa kuliweka. Alilisema huku akifunga mkoba, akapanda nyuma ya pikipiki akiwa ametupa mgongo. Tulibaki na mama mdogo Zuhura, ambaye alikuwa mjamzito na hakuruhusiwa kwenda msibani. Tulimpungia Bibi mikono hadi vumbi likatulia.

Na alasiri hiyo Mhina akauleta ungo mwenyewe. Akatandika mkeka, akakaa, akasema kwamba leo kama ninataka, nimwingize mama. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto akishinda haulizi kwa nini ameshinda. Nilimweleza Rama kwamba hii ndiyo safari kubwa kuliko zote, tukamweka mama katikati yetu, tukamfikisha kwenye kijito ambacho Mhina alisema upande wake wa pili kuna kivuli na watu hawaumwi. Nikafumba macho nikasugua viganja. Joto lilikuja ambalo sijawahi kulipata. Lilipanda mikono yote, likafika shingoni, na masikio yakavuma hadi sauti za kuku zikapotea. Nikasema nimezindika.

Mhina akatikisa dadu nyuma ya ungo. Akainama akaitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshazoea kusikia endelea.

"Limeshika," akasema.

Yeye, aliyeshikilia sheria mpaka tukagombana, aliivunja mwenyewe. Nilijua maana yake. Maana yake ilikuwa kwamba zindiko lilikuwa kubwa mno hata msimulizi hakuweza kulificha. Rama alinikumbatia. Mhina aliinuka akaenda nyuma ya banda, akaegemea ukuta akiwa ametupa kisogo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nikajua ananicheka, mtani wangu, nami nikacheka pia, kwa sauti, ili ajue sijali. Siku hiyo nilikula ugali kama mtu mzima.

Siku zilizofuata zilithibitisha yote. Bibi aliporudi sauti ilikuwa imemkauka, akasema ni vumbi la njiani. Hakutugombeza tena hata tulipomwaga maji, na maji ya kule yanavyopatikana, hilo peke yake lilikuwa muujiza. Firigisi, ambayo hata mjomba alikuwa hapewi, nilipewa mimi. Mama mdogo Zuhura alinisuka nywele taratibu bila kuzivuta, akamaliza, akazifumua, akaanza upya. Majirani walikuja na unga, na kila aliyefika alinishika kichwa. Nikaona wamesikia habari za nguvu zangu. Nilianza kutembea kwa heshima. Nilimwambia Rama kwamba mama anakuja, na Rama, ambaye aliniamini kwa kila kitu, akaanza kufunga nguo zake kwenye mfuko kila asubuhi ili asichelewe, na kila jioni mama mdogo akawa anamfungulia. Watu wazima wa nyumba nzima walimwona mtoto yule akifunga mfuko, na hakuna aliyemwambia aache.

Aliyetuambia alikuwa mama wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa. Boma lao lilikuwa mbali kidogo, upande wa malisho, kwa hiyo hakuwa amekuja kwa muda na hakuna aliyekumbuka kumwonya. Alitukuta sisi wawili mlangoni, Rama amekalia mfuko wake. Aliweka kibuyu chini, akatushika mikono wote wawili, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Poleni na mama yenu, watoto. Mungu amempumzisha."

Rama alinitazama. Alisubiri niseme kwamba huyu mama amekosea. Mimi nilikuwa naangalia viganja vyangu.

Sikulia kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Mhina, nikamkuta anakoboa mahindi, nikamrukia. Nilimwuma mkono, na alama iko mpaka leo. Hakunisukuma. Walikuja kunibandua Bibi na mama mdogo, na nilichokuwa nakisema, wananiambia, kilikuwa kimoja tu, ulisema limeshika, ulisema limeshika. Bibi alinikumbatia kwa nguvu, akanifuta uso kwa kanga, akaniambia ninyamaze, huyu ni mtani wangu, mtani hanuniwi. Nikamwambia kuanzia leo si mtani wangu. Walishtuka kwa hilo kuliko kwa damu mkononi kwake. Bibi alisema utani hauvuliwi, si shati.

Sasa nieleweke. Kufa watu wanakufa, na hata mtoto wa umri wangu alikuwa ameshaona jeneza likipita. Kilichoniua ni kwamba mama alizikwa Mazinde, ardhi ikafukiwa, shangazi zangu wakalia, baba akashikwa mikono na watu wote wa mkongeni, na mimi saa zilezile nilikuwa nimefumba macho nyuma ya banda la kuku, nimejaa furaha. Nyumba nzima ilijua. Waliangalia furaha yangu, wakanipa firigisi. Na mwili wangu nao ulikuwa upande wao, maana viganja vilinipa joto na masikio yakavuma wakati hapakuwa na mtu wa kumzindika. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile nikihisi jambo kwa nguvu sana, ninalitilia shaka.

Baba alipotufuata kuturudisha Masuguru nilimwuliza kwa nini hatukuitwa. Alisema waliona ni vyema hivyo. Aliyeona ni nani, hakusema. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nilikua nikijua kwamba waliokubaliana ni wote, kwa hiyo hasira yangu haikuwa na pa kutua, nikaitua kwa Mhina. Bibi alitii mila, baba alichanganyikiwa, lakini Mhina alikuwa mtoto kama mimi, na neno lile lilitoka mdomoni kwake. Tulipokutana misibani nilimpa mkono kama mgeni. Siku ya harusi yangu ilikuwa haki yake kama mtani kuziba mlango, kudai kitu, kuapa kwamba mchumba wake haibwi mbele ya macho yake, na watu wote walikuwa wanamngojea. Alisimama nyuma kabisa, karibu na majungu, hakusema kitu. Mlango ulipitwa kimya. Mama mdogo Zuhura alisema harusi isiyo na utani ni kama msiba, nikamwambia hewala.

Baada ya wali kuungua sikuweza kutulia. Jumamosi nilipanda gari la Dindira, ambako Mhina anafundisha shule ya msingi, na njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa napanga maneno. Alikuwa kando ya nyumba, anang'oa magugu kwenye chai yake, mkono wenye alama ukiwa wazi. Hakuniita mchumba. Aliniita kwa jina langu, akanawa, akatoa viti viwili tukakaa nje kwenye ubaridi, mkewe akatuletea chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Tuliulizana watoto, tukaulizana mvua. Kisha nikamwuliza dadu ilisema nini siku ile.

Alisema haikusema kitu. Aliitikisa tu kiganjani, hakuirusha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu jibu lolote, hilo likanipata bila kinga. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba angeweza kusema endelea kama siku zote, ningebaki na shaka yangu, shaka ingenitosha. Nilimwambia kuhusu Rama na mfuko wake, kwamba Rama mtu mzima na ndevu zake mpaka leo hawezi kufunga mzigo wa safari, mkewe ndiye humfungia. Nilimwuliza kama walimlazimisha, au alifikiri ni utani. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomaliza alisema kwamba mjomba na Bibi hawakumtuma. Aliyemtuma ni mama yangu.

Alinieleza taratibu, kama anayefundisha. Shule zilipofungwa, kabla ya kuja Handeni, baba yake alimpitisha hospitali kumwona shangazi yake. Madaktari walikuwa bado wanampa mama moyo, wanambadilishia dawa, lakini mama alimwambia Mhina kwamba dawa imegoma, amehisi siku ileile iliyogoma. Alisema hivyo bila kulia, akiwa amekaa, anakatakata nyuzi zilizochomoza kwenye pindo la shuka la hospitali. Akamwambia watoto wangu wako kwa Bibi, wasije huku, wasije na kule Mazinde. Wasinione bila gauni langu. Wachezeshe mpaka yaishe, na wakiuliza waambie nimepona.

"Nikamwambia, shangazi, watanichukia," alisema Mhina. "Akacheka. Akasema wewe ni mtani wao. Ndiyo maana sikumwomba mtu mwingine. Mtani hachukiwi."

Sikuweza kunywa ile chai. Mwanamke aliyejua vipimo vyangu vyote, mabega, kiuno, urefu wa mkono, alikuwa ameketi kitandani akanipimia hata uwongo, akachagua na mtu wa kunivalisha, na hapo peke yake alikosea kipimo. Miaka yote nilikuwa nimewagawia lawama watu wote isipokuwa yeye. Nilimwonea hasira pale pale, mama yangu, aliyekwisha kuwa udongo wa Mazinde, hasira ambayo sikuwa nayo hata siku nilipomwuma Mhina.

Nikamwambia Mhina kwamba ningekuja. Angenitumia neno moja tu, ningekuja kumwona, awe na gauni au bila gauni. Ningekuja hata kwa miguu.

"Nilimwambia hivyohivyo," alisema. "Nilimwambia huyu mchumba wangu akijua atakuja, hata kwa miguu."

Nikamwuliza mama alisemaje.

Mhina aliweka kikombe chini.

"Alisema, najua."